Mwanya wa Hatua Nne

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Daftari hili nimepewa na ofisi ya barabara. Kurasa za mbele fundi wao kazipigia mistari kwa rula: tarehe, saa, paa wangapi, wameelekea wapi. Nikamwambia, fundi, mimi nimesoma mpaka darasa la nne, najua kuandika bila kushikwa mkono na rula. Akasema ofisi inapenda mistari, bibi. Haya, mbele ni ya ofisi. Mimi nimeligeuza kichwa chini nikaanzia nyuma, na huku nyuma ni kwangu.

Habari yenyewe ni hii. Barabara kubwa inapita mbele ya nyumba yangu. Nilipoolewa ilikuwa njia ya vumbi, ukiona gari mbili kwa siku unasimulia. Sasa ni lami, na magari yanakwenda kama yamechomwa makalio. Nyuma ya nyumba yangu ni msitu, ng'ambo ya barabara ni mto, na paa hukaa msituni na kunywa mtoni. Basi wanavuka. Mwaka jana walikufa wengi hata tukaacha kuhesabu, na dereva mmoja wa lori akafa nao alipojaribu kuwakwepa.

Ofisi ikaamua kujenga ua wa waya pande zote mbili za barabara, mrefu kuliko mtu aliyenyoosha mkono. Wanyama na watu wote wavukie chini ya lami, kwenye kalavati kubwa la bondeni. Kutoka mlangoni pangu mpaka kalavati ni nusu saa kwa miguu ya kijana. Kwa miguu yangu, usiniulize.

Kwenye mkutano nikasimama. Nikasema nimekaa hapa miaka arobaini na sita, kila siku naenda ng'ambo kwenye bustani yangu ya mboga, hamtanifungia ndani kama kuku wa mayai. Watu wakacheka. Mkubwa wa ofisi hakucheka. Akasema, "Sawa mama. Mbele ya nyumba yako tutaacha mwanya wa hatua nne, na wa pili ng'ambo ukitazamana nao. Ni kwa msimu huu wa mvua tu. Wewe utatuandikia. Paa wakipita hapo, tunaziba. Wasipopita, mwanya ni wako."

Nimeshinda. Fundi alipokuja kupima zile hatua nne alitumia miguu yangu. Nilitanua hatua mpaka nyonga ikalia.

Tarehe 4

Mvua ya kwanza. Paka amelala juu ya daftari. Paa: hakuna.

Tarehe 7

Niseme ukweli, maana huku nyuma hasomi mtu. Ile bustani ya ng'ambo ni matuta mawili, na mboga hizo ningeweza kuzipanda hapa nyuma ya jiko. Ng'ambo ninakokwenda ni kwa wifi yangu.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Ana jicho moja linaloona na mdomo unaoona zaidi. Siku naolewa alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye kucha akamwambia kaka yake, "Hii ndiyo uliyoikuta?" Sijamsamehe. Nina sufuria yake kubwa mwaka wa kumi na moja sasa, na siirudishi mpaka aniombe vizuri. Yeye haombi. Kila siku saa nne naenda kukaa kibarazani kwake, ananitukana kidogo, namtukana kidogo, tunakunywa chai, narudi. Mume alikufa, binti yangu akafa, na yeye wa kwake wamehama wote. Tumebaki sisi wawili tunaokumbukana tulivyokuwa.

Sasa ningeanzaje kusimama mkutanoni mbele ya wanaume niseme nataka mwanya kwa ajili ya wifi? Nikasema mboga.

Tarehe 9

Nimetazama mafundi kutwa nzima kupitia dirisha la jiko. Wanachimba shimo, wanasimamisha nguzo, wanamimina zege, wanakwenda hatua sita, wanachimba jingine. Wavu wanaukaza kwa mashine yenye mnyororo mpaka waya unalia kama gitaa. Fundi mkuu, yule wa rula, ni mwanamume mpole, mrefu, amekonda kama nguzo zake. Nilimpa kiti cha kukalia, akasema asante bibi, nikikaa wale watakaa. Hapo nikamheshimu, ila sikumwambia.

Aliniuliza kama anilazie mabomba kwenye mwanya wangu. Kule njia panda, ua unapokatika ili magari yatoke, wamelaza mabomba ya chuma chini na kuacha nafasi katikati. Mnyama hathubutu, anaona atakanyaga hewa. Nikamwambia, mimi na goti hili niruke juu ya mabomba kama mtoto wa sarakasi?

Tarehe 12

Mvua. Goti. Hakuna.

Tarehe 15

Alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri, paa mmoja. Jike. Alitoka msituni, akafika kwenye ua, akaupapasa kwa pua, akaufuata taratibu kama mtu anayetafuta mlango gizani. Alipofika kwenye mwanya akasimama. Akanitazama dirishani. Kisha akapita, akavuka lami, akapita mwanya wa pili, huyo.

Mmoja tu. Mnyama mmoja si kundi. Mbele nimeandika hakuna.

Tarehe 16

Fundi alikuja kunakili, huja kila Jumamosi. Akasoma ukurasa mzima, hakuna, hakuna, hakuna. Akasema, "Bibi, mwanya wako una bahati." Nikamwambia si bahati, wanyama wananiogopa. Akacheka. Mwandiko wangu akausifia.

Tarehe 21

Watatu. Yule jike na wengine wawili. Mbele: hakuna.

Tarehe 22

Watatu. Hakuna.

Tarehe 25

Wanne. Nimepata dawa. Mafundi hufika saa kumi na mbili asubuhi, na wakiwakuta paa hapo mimi nimekwisha. Basi nikiwaona wameduwaa kwenye mwanya, natoka na sufuria ya wifi na mwiko, napiga mara tatu. Wanaruka, wanavuka upesi, wamekwisha. Barabara inabaki safi kama haijawahi kupitwa na kitu. Sufuria hiyo imepata kazi hatimaye.

Tarehe 28

Mjukuu wangu ni mkunga pale zahanati. Mama yake, binti yangu wa pekee, alimwacha ana miaka minne, nikamlea mimi, kwa hiyo akiniita bibi, ndani yake kuna mama pia. Anatoka alfajiri kwa pikipiki. Anapita njia ya nyuma mpaka njia panda, anaingia lami, kisha anapita hapa mbele ya nyumba. Akifika anapiga honi mara moja nami napunga kitambaa dirishani. Tumefanya hivyo miaka mitano.

Jana jioni akifunga kofia yake ngumu kwenye pikipiki akaniuliza, "Bibi, huo mwanya wako. Paa wanapita? Niambie, mimi nikifika hapo napunguza mwendo mpaka natambaa, na nachelewa kazini."

Nikamwambia, "Hawapiti. Si umeona daftari?"

"Nimeona. Nauliza wewe, siulizi daftari."

"Na mimi ndiye niliyeandika. Kwani mimi na daftari tuna akili mbili?"

Akacheka, akasema haya basi, nitakuwa napita moja kwa moja. Leo amepita moja kwa moja. Honi yake imekuja na kuondoka kama nzi.

Tarehe 29

Sikulala vizuri. Chai ilikuwa kali. Wanne. Hakuna.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Leo mafundi wamemwaga kifusi ndani ya ua, upande wa barabara, hatua kama sitini kutoka kwangu. Nikamwuliza fundi hilo kaburi ni la nani. Akasema ni tuta la kurukia. Mnyama akiponyoka akaingia barabarani, ua huohuo unamfunga ndani, anakimbia juu na chini mpaka agongwe. Basi unamwekea tuta limeegemea ua, upande wa barabara lina mteremko, upande wa nje limekatwa wima kama ukuta. Anapanda taratibu, anaruka nje. Ila aliye nje hawezi kurukia ndani, ni juu mno.

Nikamwambia tangu lini mnyama akajengewa ngazi, na wajukuu wa watu wanasomea chini ya bati linalovuja. Akasema, "Bibi, ua usio na pa kutokea si ua, ni mtego." Akaondoka kwenda kukaza waya. Tuta lenyewe bado nusu, mvua inaliteremsha.

Sijapenda alivyosema. Si kwa ukali. Ndiyo maana sijapenda.

Tarehe 6

Watano. Hakuna. Jiko linavuja.

Tarehe 10

Nimegombana na wifi, na leo si kule kugombana kwetu kwa kawaida.

Nimefika kibarazani kwake saa nne, hajaweka chai. Akasema, "Leo alfajiri nimewaona saba wanapita mlangoni kwangu wanatweta. Wametoka kwenye mwanya wako, wakatokea kwangu. Na nyuma yao nikasikia sufuria. Sufuria yangu, naijua sauti."

Nikamwambia jicho moja linaona mara mbili.

"Jicho langu hili moja limekuona siku ulipomficha kaka yangu barua, na leo linakuona. Daftarini umeandika wangapi?"

Nikarekebisha kitambaa changu kichwani.

"Umeandika hakuna," akasema. "Wewe mwanamke, unadanganya ofisi, sawa, ofisi ina mlinzi na feni. Mtoto wetu anapita hapo na pikipiki kila siku."

"Mtoto wangu," nikasema. "Wewe wa kwako walihama."

Nilijua ninachofanya. Niliona neno linavyotoka na ningeweza kulirudisha, sikulirudisha. Akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, na yeye hajawahi kufunga mlango taratibu maishani mwake.

Mbele: hakuna.

Tarehe 11

Sikwenda.

Tarehe 13

Sikwenda. Nina mwanya wa hatua nne niliousimamia mkutano mzima, na sina pa kwenda.

Tarehe 15

Sita. Hakuna. Mvua haiachi.

Tarehe 17

Naandika kwa sababu nisipoandika nitavunja kitu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa jikoni. Mvua nyembamba, mwanga wa kijivu. Wakaja watano, yule jike mbele, na leo pembeni yake kitoto, miguu kama vijiti vya ufagio. Wakasimama kwenye mwanya. Yule mama hakutaka kupita. Alikuwa anasikiliza. Mimi sikuwa nasikiliza, nilikuwa nahesabu dakika mafundi wafike. Nikachukua sufuria na mwiko, nikatoka mlangoni, nikapiga mara tatu.

Wakaruka wote.

Kisha nikasikia honi. Mara moja, ile yetu. Na mkono wangu mmoja, nisamehewe, ukainuka kumpungia kwa mwiko.

Alimgonga yule jike katikati ya lami. Pikipiki ikaenda peke yake, ikalala, ikasota mpaka kwenye nguzo. Mjukuu wangu alikaa hewani muda mrefu, au mimi niliona hivyo. Alipoanguka sikusikia chochote. Nilikuwa nimeshika sufuria.

Wifi ndiye aliyemfikia kwanza. Mwanamke wa miaka sabini na mitatu, alitoka ng'ambo kupitia mwanya wa pili, hana viatu, hana kitambaa kichwani, akapiga magoti kwenye maji. Mimi goti langu lilikataa, nikafika nakokota. Alikuwa anamwambia, "Usiinuke, mama, lala hivyohivyo, nitazame mimi, nitazame hili jicho zima." Akanigeukia akasema, "Shika kichwa, usikitingishe." Nikashika. Hakusema neno lingine kwangu, na alikuwa nalo.

Fundi na gari lao la kazi walifika, wakatoa ubao mrefu wa kusimamishia zege, wakamlaza juu yake, wakampeleka hospitali. Mfupa wa bega umevunjika, na mguu wa kulia chini ya goti. Kichwa ni kizima, ile kofia ngumu imepasuka kama yai badala yake. Daktari anasema atapona. Alilisema mara mbili kwa sababu nilimwuliza mara mbili.

Zahanati kulikuwa na mama anayejifungua, anamsubiri mkunga. Msafishaji ndiye aliyempokea mtoto. Wazima wote wawili. Nimeambiwa, nikakaa chini kwenye korido.

Mbele sijaandika kitu leo.

Tarehe 18

Kile kitoto cha paa kimebaki ndani. Wenzake walifika ng'ambo, chenyewe kikarudi nyuma kumtafuta mama yake, kikaupoteza mwanya. Kutwa kinakimbia barabarani kati ya nyua mbili, juu, chini, juu, chini. Magari yanakipigia honi. Mama yake wamemwondoa, lakini kikifika pale penye doa kinasimama.

Fundi alitia watu wawili na bendera kupunguza magari. Wamejaribu kukielekeza kwenye mwanya, kinaogopa watu, kinapita mbio.

Tarehe 19

Nimechukua jembe, nikaenda kwenye lile tuta. Fundi akasema bibi weka chini, hiyo ni kazi yetu. Nikamwambia kazi yenu inakwenda kama konokono mjamzito, sogea. Nikavuta udongo. Wakaona haya, wakaja na makoleo. Tukajaza, tukashindilia kwa miguu, tukaweka majani ya porini juu ili kisione udongo mpya. Saa tisa lilikuwa tayari. Mkono wangu umetoka malengelenge manne.

Tukasimama kimya mbali, mimi na fundi, nyuma ya gari. Ng'ambo, nje ya ua, nikaona kitambaa cha bluu. Wifi naye amekaa kwenye nyasi, kimya, anatazama. Hatukusalimiana.

Kitoto kikapita mara mbili bila kuona. Mara ya tatu kikapunguza, kikanusa yale majani, kikala moja. Kikapanda hatua mbili. Gari likapita, kikashtuka, nikadhani basi. Kikapanda tena. Kikafika juu, kikatazama chini upande wa msitu, kikakunja miguu yake ya ufagio, kikaruka.

Fundi akafuta uso kwa kofia. Nikamwambia, "Lile tuta lako si kaburi." Akasema, "Asante, bibi." Hapo ndipo nilipotaka kumwambia. Nikamwambia aendeshe gari taratibu.

Tarehe 21

Wamemruhusu nyumbani. Tumempangia kitanda chumbani kwangu, karibu na dirisha, mguu umefungwa plasta, mkono umefungwa kifuani. Nimemwosha kama nilivyomwosha ana miaka minne, kwapa, shingo, nyuma ya masikio. Alikuwa anacheka, anasema bibi unanisugua kama sakafu.

Nikaona nikisubiri kidogo tu sitasema kamwe. Nikamwambia nikiwa nimeshika kitambaa cha maji. Kwamba walikuwa wanapita tangu tarehe kumi na tano ya mwezi wa tatu. Kwamba niliandika hakuna. Kwamba aliponiuliza nilijua. Nikamwambia na sufuria.

Maji yakapoa mkononi mwangu.

"Ulikuwa unawafukuza waingie barabarani."

"Ndiyo."

"Na mimi nakuja."

"Ndiyo."

"Bibi, kuna asubuhi nilipita na mama mwenye uchungu nyuma yangu kwenye pikipiki. Bila kupunguza. Kwa sababu ulisema."

Hilo sikulijua. Akaniomba nimsaidie kugeukia ukutani. Nikamgeuza, polepole, kwa sababu ya bega.

Tarehe 22

Anakula. Haongei. Mvua.

Tarehe 23

Haongei. Nimemsomea gazeti la zamani, nimekosea maneno matatu kusudi anisahihishe. Hakunisahihisha.

Tarehe 24

Leo asubuhi, bado amegeukia ukuta, akasema, "Kampe fundi daftari."

"Atakuja Jumamosi kunakili."

"Sisemi kunakili. Kampe lote. Na huko nyuma unakoandika ukidhani sijui."

Nikamwambia huko nyuma kuna mambo yangu, kuna ya wifi, kuna nyonga, kuna barua. Akasema anajua. Nikamwambia nitakuwa kichekesho cha ofisi nzima. Mwanamke aliyesimama mkutanoni. Akasema, "Bibi, mimi nitatembea kwa gongo miezi mitatu mbele za watu. Wewe utachekwa wiki moja."

Nimevaa gauni langu la kutokea. Nimechana nywele. Fundi alikuwa anakunja waya uliobaki. Nikampa daftari, nikaligeuza mwenyewe, nikamwambia, anzia huku.

Alisoma amesimama. Nilisimama pia, sikutaka kukaa. Alisoma polepole, na mahali pengine nikaona mdomo wake unataka kucheka, nadhani ni pale pa konokono, kisha ukaacha. Alipomaliza alikaa juu ya rundo la nguzo. Mara ya kwanza kumwona amekaa.

"Jumamosi sita nilinakili," akasema. "Kila moja nikatia sahihi yangu chini. Mkubwa akaniuliza, umehakiki? Nikamwambia, sina haja, yule bibi hawezi kudanganya."

Nikamwambia, "Ziba."

"Lazima niandike ripoti. Na jina lako litakuwemo."

"Liandike vizuri basi, usiliharibu. Na andika kuwa wewe ulinipa mabomba nikayakataa."

Amelichukua daftari kutwa, amelirudisha jioni. Hakugusa kurasa za nyuma. Mbele, zile hakuna zote kazikata mstari mmoja kwa rula, akaniachia nafasi niandike hesabu ya kweli pembeni. Nimeandika zote usiku huu. Mmoja. Watatu. Watatu. Wanne. Nilikuwa nazikumbuka zote.

Tarehe 27

Wameziba. Ilichukua saa mbili. Nguzo moja kati, wavu, mashine ya mnyororo, waya ukalia. Ng'ambo wakafanya vilevile. Nilitazama dirishani mpaka mwisho. Mjukuu alitazama pia, maana sasa amegeuka huku.

Tarehe 28

Nilikwenda mpaka kwenye ua wa waya nikasimama. Kibaraza cha wifi kinaonekana, kiti chake kinaonekana, yeye hayupo. Nyua mbili na lami katikati. Nikaita mara moja. Lori likapita juu ya sauti yangu.

Kalavati limejaa matope. Goti halifiki huko. Hapo nimejifungia mwenyewe kama kuku wa mayai.

Tarehe 30

Saa tano nimesikia mtu anatukana nyuma ya nyumba. Anatukana matope, anatukana ofisi ya barabara, anatukana kaka yake marehemu kwa kuoa mbali. Nikafungua mlango wa nyuma. Wifi, tope mpaka magotini, viatu mkononi, gongo mkono wa pili, anatweta.

"Nimetembea saa moja na robo," akasema. "Nimekutana na paa wanne humo ndani ya kalavati. Wamenipisha. Wana adabu kuliko wewe."

Nikamwambia pita ndani. Hakupita. Akasema hajaja kwangu, amekuja kumwona mtoto.

Nikasema, "Mtoto wetu yuko chumbani."

Alinitazama kwa lile jicho muda wa kutosha kumenya kitunguu. Kisha akaninyooshea mguu mmoja wenye tope. Nikaleta maji. Nikainama, goti likalia, nikamwosha miguu yote miwili, kati ya vidole, na yeye akiniambia nasugua vibaya. Maji niliyachotea kwenye sufuria yake. Aliitambua. Akasema imebonyea. Nikamwambia ndiyo, na najua ilivyobonyea, na ukiondoka leo ondoka nayo.

"Niibebe kwenye kalavati na mgongo huu? Kaa nayo," akasema. "Nitakuwa naifuata huku."

Tarehe 6, mwezi wa tano

Mvua zimepungua. Kurasa zangu za nyuma na kurasa za ofisi zimekutana katikati, nimebakiwa na nusu karatasi.

Wifi huja Jumatatu na Alhamisi, analala, anaondoka kesho yake, analalamika juu ya godoro. Mjukuu anajikongoja kwa gongo mpaka mlangoni. Hajanisamehe yote. Akitaka maji ananiomba, akitaka kujua jambo anamwuliza wifi. Nastahili. Nasubiri.

Ofisi imeniachia kazi ya kuandika, sijui kwa nini. Fundi anasema aliyewahi kukosea hesabu anahesabu vizuri. Ila sahihi ya chini sasa anatia mjukuu. Kila alfajiri anavuta pazia kwa mkono mzima, anatazama ua kutoka mwanzo mpaka mwisho, anatazama pale palipokuwa na mwanya, anatazama lami. Hana haraka. Mimi nasubiri na kalamu.

Leo ametazama muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akasema, "Andika hakuna, bibi."

Nimeandika. Akalivuta daftari, akasoma, akatia sahihi.